Mguu Uliooshwa Mno

Mei 12

Nesi wa hospitali kubwa amenipa daftari hili, akaniambia niandike habari za mguu kila siku: umevimba kiasi gani, umetoa nini, una rangi gani. Nikamwambia mimi ni dobi, si karani. Akasema hakuna mtu anayejua kutazama uchafu kama dobi. Mtu akinisifu huwa sina ubishi, nikalichukua.

Mguu wenyewe ni wa mume wangu, wa kulia. Umevimba kuanzia vidoleni mpaka karibu na kifundo, ukiubonyeza ni mgumu, na una vitundu vinne vinavyotoa usaha. Hauumi. Hilo ndilo lililotuponza, maana kitu kisichouma hakina mtu wa kukiharakisha. Mwaka wa tatu huu tunasema utapona tu.

Mume wangu ni mfyatua matofali. Mvua zimekwisha, kingo za shimo la udongo zimekauka, na leo ameanza msimu. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwaka jana, amesema chai yangu haina majani. Haya, nimeandika yote.

Mei 13

Nimeosha mguu kwa maji ya moto na chumvi, nimekamua vitundu mpaka vikatoa damu safi. Bandeji nyeupe pe.

Mei 14

Kama jana.

Mei 15

Kama jana. Mama mkwe alichungulia beseni akasema, "Mguu wa mwanangu unataga." Nikamwuliza unataga nini. Akasema vijiyai, vidogo kuliko ufuta, vimo humo majini. Nikamwaga maji. Mtu aliyeshindwa kuona tundu la sindano juzi, leo anaona mayai kwenye usaha.

Mei 22

Leo ilikuwa siku ya daktari wa mifupa, ambaye huja hospitali yetu mara mbili kwa mwaka. Niliamka mapema, nikauosha mguu mara mbili, nikaifunga bandeji niliyoichemsha na kuipiga pasi. Ndiyo, pasi. Kwenda kwa daktari na usaha unaochuruzika ni sawa na kupokea wageni kitanda hakijatandikwa. Kila tukienda hospitali hufanya hivyo, na manesi hunisifu.

Daktari alisoma majibu ya vipimo vya nyuma. Si kifua kikuu kilichohamia mguuni, si saratani. Ni nini basi? Akasema kwa kweli hajui, kila walipochukua usaha hawakupata kitu cha maana, lakini uvimbe unaelekea kwenye mfupa na hauwezi kuachwa. Atarudi Novemba. Amemwandika mume wangu tarehe ishirini ya mwezi huo. Watakata juu kidogo ya kifundo, isipokuwa jambo jingine lijulikane kabla ya hapo.

Mume wangu akasema, "Sawa, daktari." Alisema vile vile anavyosema akiambiwa dukani hakuna sukari.

Niseme ni mguu gani huo anaoutoa kwa urahisi hivyo. Udongo wa matofali hukanyagwa. Unaumwagia maji, unaingia peku, unakanyaga mpaka uive, na anayejua kama umeiva ni unyayo. Wake unajua kokoto iko wapi, unajua pale panapotaka ndoo moja zaidi. Wafyatuaji wengine humwita aje aingie kwenye mashimo yao kabla hawajashika kalibu ya kufyatulia, ndiyo maana wanamwita Mizani. Matofali yake hayapasuki kwenye tanuru. Mtu huyo anaambiwa atakatwa mguu, anajibu sawa.

Njiani nilimwuliza kama hana la kuongeza. Akasema Novemba tanuru litakuwa limeshachomwa, kwa hiyo tarehe si mbaya. Sikusema naye mpaka nyumbani.

Mama mkwe alipoambiwa hakulia. Alisema alimzaa na miguu miwili na mpaka leo hajapokea malalamiko. Kisha akaingia chumbani kwake akajifungia mchana kutwa.

Mei 23

Nimeosha. Bado nimemkasirikia.

Mei 24

Nimeosha. Hasira imepungua. Mashuka ya nyumba ya wageni yamekuja mafungu mawili.

Juni 2

Jirani amekuja na nadharia kwamba mume wangu amekanyaga kitu alichotegewa. Mume wangu akamwambia yeye anakanyaga vitu kutwa nzima, ndiyo kazi yake, aliyemtegea ampe na mshahara. Jirani alicheka, akaondoka na sabuni yangu ya kipande.

Juni 3

Nimeosha.

Juni 10

Mama mkwe amerudia habari ya mayai. Anasema mimi nauosha mguu kama nafuta ushahidi, eti kidonda kiachwe kiseme kilicho nacho. Nilimjibu kwa adabu kwamba vidonda havisemi. Nadhani adabu yenyewe ilikuwa nyembamba kidogo.

Juni 16

Leo nina mengi.

Tulikwenda kubadilisha dawa ya kupaka. Maabara kuna mtu mpya, kijana mdogo, mwenye miwani minene kama chini ya chupa. Manesi wanamwita Miwani, naye anaitika. Amepewa makabrasha ya wagonjwa wote wenye majibu ya "hakuna kilichoonekana" ayapitie upya. Akamwomba mume wangu aweke mguu juu ya kiti. Akaitazama bandeji mbele, akaigeuza, akainusa. Nilikuwa nimekaa nikisubiri sifa zangu.

Akauliza nani anayeufunga. Nikasema mimi. Mara ngapi kwa siku? Mara mbili, siku ya hospitali mara tatu. Akauliza nakamua? Nikasema mpaka itoke damu safi, kisha chumvi, kisha bandeji iliyochemshwa.

Akavua miwani akaifuta. "Mama, unafanya kazi nzuri mno," akasema. "Na mimi natafuta kile unachokimwaga."

Akanieleza polepole, na mimi naandika nilivyoelewa. Kuna ugonjwa unaitwa maisetoma. Vijidudu wake wanakaa udongoni. Mtu akichomwa na mwiba au kibanzi, wanaingia ndani ya nyama, wanajenga huko taratibu kwa miaka, bila maumivu makubwa. Wanajikusanya kuwa punje, na punje hizo hutoka na usaha kwenye vitundu. Ukizipata punje unaweza kumjua mwenye nyumba. Wako wa aina mbili, fangasi na bakteria. Punje nyeusi mara nyingi ni fangasi, naye ni mkaidi, anataka dawa za muda mrefu na kisu. Punje za rangi nyingine lazima zitazamwe vizuri. Ikiwa ni bakteria, zipo dawa zinazomtoa, na mguu unaweza kubaki.

Aliposema hivyo kuhusu kubaki, mume wangu alitazama ukutani.

Miwani akaniuliza kama nimewahi kuona punje zozote. Nikasema sijawahi. Kisha nikasema mama mkwe wangu ameziona.

Tumeambiwa turudi Ijumaa. Nimwekee shashi safi kavu leo, na nisiifungue wala kuugusa mguu mpaka nifike kwake.

Juni 17

Sijaosha. Nimefua mapazia sita ili mikono iwe na shughuli.

Juni 18

Sijaosha. Bandeji ina doa la manjano lenye ukingo wa kahawia, linanuka. Nimepita mbele ya beseni mara nyingi. Mama mkwe alinisimamia mlangoni kama askari.

Juni 19

Nimetembea barabara nzima na mume mwenye bandeji chafu. Nilimfunika kitambaa juu, hata hivyo niliona watu wanatazama, na wengine ni wateja wangu. Dobi na doa lake. Nilitamani kubandika tangazo mgongoni kwamba ni amri ya hospitali.

Miwani aliifungua kwa koleo mbili, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Kwenye shashi, katikati ya ule usaha, kulikuwa na punje. Nyeupe zinazoelekea manjano, nyingi tu. Ndogo kuliko ufuta. Alizichukua moja moja akaziweka kwenye kichupa, akaponda moja kwenye kioo, akaitia rangi, akaniita nitazame kwenye hadubini. Niliona nyuzi nyembamba zimejisokota kama za sweta kuukuu. Miaka mitatu nimekuwa nazimwaga mtaroni asubuhi na jioni.

Akasema kwa macho anadhani ni bakteria, lakini macho hayatoshi. Wamechukua na kipande cha nyama ya ndani, wamepiga picha ya mfupa. Tusubiri wiki tatu.

Juni 20

Nimemwambia mume wangu kwamba ni mimi. Nilimwambia shimoni, amekaa kwenye ukingo, mimi nimesimama. Kwamba kama ningekuwa mvivu wa kufua kama wake wengine, ugonjwa ungejulikana mwaka wa kwanza, kabla haujakaribia mfupa. Nililia, na kulia kwangu si kuzuri, kuna kelele.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mke wangu, mguu huu ulikuwa unanuka. Wewe ndiye uliyefanya nikae na watu. Ungekuwa mvivu, miaka mitatu hiyo ningekuwa nimejificha ndani." Akanikumbusha pia kwamba kibanzi kilichomchoma ni cha kalibu yake mwenyewe iliyovunjika, alikichomoa nusu, nusu akaiacha kwa sababu alikuwa na haraka ya kumaliza safu. "Sasa tugawane makosa au tule?"

Tukala.

Juni 21

Nimemwomba mama mkwe msamaha wa yale mayai. Akasema alikuwa ameshasahau, kisha akanikumbusha siku, saa na maneno yangu yote. Chai ya leo nimeijaza majani.

Juni 28

Hakuna jipya. Upepo mkali, matofali yanakauka vizuri.

Julai 4

Hakuna jipya. Sitaki kuandika kwamba naogopa, lakini naogopa.

Julai 10

Bakteria.

Naandika neno hilo peke yake nilione. Bakteria. Picha inaonyesha mfupa umeguswa juu juu tu. Daktari wa zamu amesema dawa inaanza kesho. Sindano kila siku kwa wiki tatu, kisha mapumziko, kisha tena. Vidonge asubuhi na jioni kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, hata mguu ukionekana umepona. Tarehe ya Novemba haijafutwa. Daktari wa mifupa atauona mwenyewe, na kama haujapungua, atakata. Yaani tuna msimu mmoja. Na mwiko mmoja: asiingie tena udongoni peku.

Mume wangu alisikiliza yote. Kwa hilo la mwisho akauliza, "Hata kidogo?"

Julai 11

Sindano ya kwanza. Kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuharibu masikio na figo, walimpima masikio kabla. Waliniuliza kama anasikia vizuri nyumbani. Nikasema inategemea anaambiwa nini.

Julai 12

Sindano. Vidonge.

Julai 13

Sindano. Vidonge. Amenunuliwa mabuti ya mpira mpaka magotini. Amerudi kutoka shimoni amenuna, anasema kukanyaga udongo na mabuti ni kula chakula umefungwa ulimi.

Julai 31

Awamu ya kwanza ya sindano imekwisha. Nimepima mguu kwa utepe wa fundi cherehani. Umepungua upana wa kidole. Nimepima mara tatu, nisije nikawa napima furaha yangu.

Agosti 9

Kitundu kimoja kimefunga. Mama mkwe alitaka kukiona, akakiangalia kwa muda, akasema chai ilikuwa nzuri leo.

Agosti 10

Vidonge.

Agosti 15

Vidonge. Sindano zimeanza tena. Masikio mazima, anasikia asichotaka kusikia.

Agosti 21

Nilikuwa naloweka nguo zake nikaona kitu kwenye bandeji. Sasa naambiwa niibadilishe mara moja kwa siku na nisikamue, basi nilikuwa nimeifungua asubuhi. Katika mshono wa pembeni kulikuwa na mstari wa udongo mwekundu uliochanganyika na kijivu. Udongo huo hauko uani kwetu wala njiani. Uko shimoni tu, chini kabisa, wanapokanyagia. Na buti halipitishi udongo.

Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo. Kwa nguo hawezi.

Nilimwendea huko huko kazini. Nilimkuta ndani ya shimo, mabuti yamesimama ukingoni yenyewe, bandeji ameizungushia mfuko wa plastiki uliopasuka. Wenzake walipouona uso wangu wakakumbuka wana kazi upande wa pili. Alisema ni mara moja. Nikamwonyesha bandeji. Akasema ni mara tatu. Alisema safu nzima imepasuka wiki iliyopita kwa sababu hakuusikia udongo, na wameanza kumwita mfyatuaji mwingine kuonja mashimo yao. Mguu umepungua, hauumi, vidonge vinamtia kichefuchefu, na yeye bila unyayo ni nani?

Nikamwambia tu kwamba ule mguu haukuuma hata ulipokuwa unaliwa, kwa hiyo asiniletee habari za kutouma.

Kumbe mama mkwe alikuwa amenifuata. Nilijitayarisha kusikia akimtetea mwanawe. Alifika ukingoni anahema, akamwambia, "Toka humo. Mkeo ameuosha mguu huo miaka mitatu, wewe unaurudisha kwenye tope kwa siku tatu?" Akatoka. Mama mkwe akamfuta udongo kwa upindo wa nguo yake, akamvalisha buti moja moja, mtu mzima mwenye mvi.

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alinishika mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tumekaa kimya pamoja bila mmoja kununa.

Agosti 22

Vidonge, nimesimama mpaka amemeza.

Agosti 23

Vidonge. Mama mkwe amehamishia kigoda chake ukingoni mwa shimo. Anasema ni kwa ajili ya hewa safi.

Septemba 5

Amegundua njia. Anachomeka fimbo kwenye udongo uliokanyagwa, anaiacha. Ikisimama bila kuinama na ukiichomoa ikatoka na ngozi nyembamba ya udongo, umeiva. Anasema si sawa na unyayo. Safu ya jana haijapasuka, ila anaisema kwa kunung'unika, asije akaonekana ameridhika.

Septemba 19

Vitundu viwili vimefunga, cha tatu kinatoa maji tu. Utepe unasema upana wa vidole viwili. Miwani ametazama shashi, akatafuta punje kwa muda mrefu. Amepata moja. Alinionyesha akiwa na huzuni kidogo, nadhani alishazizoea.

Septemba 20

Vidonge.

Oktoba 3

Wenye mashimo mengine wameanza kumwita tena. Anakwenda na mabuti, fimbo na mama yake.

Oktoba 17

Wamechoma tanuru. Siku nne za moshi, na nguo zote za mtaa nimezifua upya. Silalamiki. Matofali yametoka mekundu sawasawa, ukigonga moja kwa jingine yanalia. Wamempa la kwanza alitazame, kama zamani.

Bado anachechemea kama alivyoanza msimu huu. Nilidhani ukipungua atatembea vizuri. Sijamwuliza. Tarehe inakaribia na kila kitu kinanitia wasiwasi.

Oktoba 30

Kitundu cha mwisho kimekauka. Hakuna punje.

Novemba 12

Mawingu asubuhi, yakaondoka.

Novemba 19

Siwezi kufua. Nimekaa.

Novemba 20

Tulikwenda watatu. Mama mkwe alikataa kubaki, akasema kama kuna kukata aone kwa macho yake.

Daktari wa mifupa aliuweka mguu mapajani mwake. Akaubonyeza kila mahali, akauliza kama unauma, akatazama picha ya Juni na ya wiki iliyopita dirishani, moja juu ya nyingine. Akasoma hata daftari hili kurasa kadhaa, nikaona aibu kwa ajili ya habari za chai. Kisha akachukua kalamu, akalipiga mstari jina la mume wangu kwenye orodha yake. Akasema dawa ziendelee mwaka mzima bila kuruka, tuje kila mwezi, ugonjwa huu unaweza kurudi ukipewa nafasi. Lakini hakuna cha kukata hapa.

Sikuzisikia vizuri sentensi za baadaye. Nilikuwa natazama ule mstari.

Akamwambia mume wangu atembee mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Akatembea, uzito wote kushoto, wa kulia akiugusisha tu sakafuni kama anaomba ruhusa. Daktari akakunja uso. Akauliza kama unauma. Hapana. Umekufa ganzi? Hapana. Akamwambia kwamba mguu huo sasa unaweza kubeba mtu, kwa nini anachechemea?

Mume wangu alinitazama mimi, si daktari. "Tangu Mei," akasema, "kila siku wenzangu wakienda kula, huwa nakwenda nyuma ya tanuru na gongo la kujiegemeza. Najifunza kutembea na mguu mmoja." Akaongeza, "Nilitaka siku ikifika nisimtishe mke wangu."

Mimi ninayesoma madoa ya watu wote sikuona. Nilidhani ile "sawa" yake ilikuwa ya kutojali, nikamnunia njia nzima. Daktari alijishughulisha na makaratasi yake.

Mama mkwe akasimama, akarekebisha nguo yake. "Hiyo ya mmoja umeshahitimu," akamwambia. "Sasa jifunze ya miwili. Na usitucheleweshe, mvua inakuja."

Tumerudi kwa miguu. Niliwaacha watangulie kidogo, nikakaa nyuma yake nikimtazama. Kila alipoanza kuegemea kushoto nilisema, "Kulia," naye aliukanyaga wa kulia. Tulipofika kona ya kwetu mvua ilikuwa imeshatushika, na sikuwa na haja ya kusema tena.